Riyali 900 au Shilingi za Kitale? Piga Hesabu kwa Saa, Si kwa Mwezi

Pesa kutoka Saudia huingia kimya kimya. Simu inatoa mlio, mama anasoma ujumbe, na kabla ya jioni karo imelipwa, mbolea imenunuliwa na deni la duka limefutwa. Majirani wanaona. Ndiyo maana binti akimaliza shule hapa Kiminini na kazi haionekani, hakosi mtu wa kumwambia, "Si uende Saudi?"

Kazi yetu ni kupitisha pesa. Si juu yetu kumwambia mtu aende au abaki. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, mwaka wa 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na hizo ni pesa zilizojenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini kuna hesabu moja ambayo watu wengi huiruka wanapolinganisha mshahara wa huku na wa kule. Wanauliza, "Kwa mwezi ni ngapi?" Hawaulizi, "Kwa saa ngapi za kazi?"

Leo tuipige hesabu hiyo pamoja. Chukua simu yako, fungua kikokotoo, twende polepole.

Hapa nyumbani sheria inasema nini

Kenya ina kima cha chini cha mshahara. Agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 lilikiongeza kwa asilimia 6. Mtumishi wa nyumbani, yaya, mfagizi na mtunza bustani wote wako kwenye kundi moja, ila kiasi kinategemea mahali unapofanyia kazi:

- Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru: shilingi 16,113.75 kwa mwezi.
- Miji iliyokuwa manispaa, kama Kitale na Bungoma: kama shilingi 14,867.
- Maeneo mengine yote, ikiwemo miji midogo na mashambani: kama shilingi 8,596.

Soma tena hizo mbili za mwisho. Ukipanda matatu kutoka Kiminini ukafanye kazi ile ile Kitale mjini, kima cha chini kinapanda kwa zaidi ya shilingi 6,000. Wengi hawajui hilo. Mtu anatoka kijijini, anaajiriwa Kitale, na bado anakubali mshahara wa kijijini.

Kima hiki hubadilishwa mara kwa mara, na nyongeza hutangazwa zaidi Siku ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei. Kwa hivyo kabla ya kukubali kazi, ulizia kilichopo wakati huo. Ofisi ya leba ya kaunti iko Kitale, na kuuliza ni bure.

Sasa saa. Agizo la jumla la mishahara linaweka saa 52 za kazi kwa wiki, zikigawanywa kwa siku sita. Ukizidisha hapo, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko au sikukuu, ni mara mbili. Kama mwajiri hakupi mahali pa kulala, anapaswa kukuongezea asilimia 15 ya nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 nayo inakupa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kila mwaka.

Tunajua mambo ya mtaani ni mengine. Wengi wanalipwa chini ya kima hiki, tena kwa mkono, bila karatasi yoyote. Lakini huwezi kulinganisha nchi mbili kwa kuchukua ahadi ya moja na shida za nyingine. Linganisha sheria kwa sheria, halafu mambo yalivyo kwa mambo yalivyo.

Na Saudia je?

Mshahara unaotajwa zaidi kwa Mkenya anayeenda kufanya kazi za nyumbani Saudia ni riyali 900 kwa mwezi. Riyali imefungwa kwenye dola: riyali 3.75 ni dola moja, na imekuwa hivyo tangu 1986. Dola ikiwa shilingi 129, riyali moja ni kama shilingi 34.40. Riyali 900 basi ni karibu shilingi 31,000.

Mfanyakazi wa nyumbani hayumo katika sheria ya kawaida ya kazi ya Saudia, ile yenye saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Ana kanuni zake. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, apumzike angalau saa 8 mfululizo kila siku, na awe na saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Zinakataza pia mwajiri kushika pasipoti yake. Akimaliza miaka miwili na kuendelea, anastahili likizo ya mwezi mmoja yenye malipo, na akifanya miaka minne mfululizo, kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja.

Chakula na mahali pa kulala ni juu ya mwajiri. Gharama za kumwajiri, visa na kibali cha kuishi pia ni juu ya mwajiri, si juu ya mfanyakazi. Shika hilo la mwisho, tutalirudia.

Sasa tugawanye kwa saa

Saa 52 kwa wiki ni kama saa 225 kwa mwezi. Hicho ndicho kigawanyo ambacho agizo la mishahara la Kenya lenyewe linatumia. Saudia, saa 10 kwa siku sita ni saa 60 kwa wiki, yaani kama saa 260 kwa mwezi.

- Kiminini: 8,596 kugawanya kwa 225, ni kama shilingi 38 kwa saa.
- Kitale: 14,867 kugawanya kwa 225, ni kama shilingi 66 kwa saa.
- Riyadh, sheria ikifuatwa: 31,000 kugawanya kwa 260, ni kama shilingi 119 kwa saa.

Hapo Saudia inashinda wazi, na hatuna haja ya kuficha. Ni karibu mara mbili ya Kitale na zaidi ya mara tatu ya Kiminini, na chakula bado hujanunua.

Lakini neno kubwa hapo ni "sheria ikifuatwa". Mwezi Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kenya waliofanya kazi za nyumbani Saudia. Lilikuwa limezungumza na zaidi ya 70. Wengi walieleza siku za kazi za zaidi ya saa 16, bila siku ya mapumziko. Mshahara ulikuwa kwa wastani riyali zile zile 900.

Rudi kwenye kikokotoo. Saa 16 kwa siku saba ni saa 112 kwa wiki. Kwa mwezi ni kama saa 485.

- Riyadh, saa 16 kila siku bila mapumziko: 31,000 kugawanya kwa 485, ni kama shilingi 64 kwa saa.

Shilingi 64. Kitale ni 66.

Yaani dada aliye Riyadh, akifanya kazi tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu usiku, siku saba kwa wiki, kila saa yake inalipwa chini kidogo ya kima cha Kitale. Mwisho wa mwezi amepata pesa nyingi kuliko aliyebaki, ni kweli. Lakini zimeongezeka kwa sababu amefanya kazi ya watu wawili.

Twende hatua moja zaidi. Tuseme mtu afanye saa hizo 485 hapa Kitale, na mwajiri alipe kama sheria ya Kenya inavyotaka. Saa 225 za kwanza ni shilingi 14,867. Saa 260 za ziada, kila moja kwa shilingi 99, ni zaidi ya shilingi 25,700. Jumla inapita shilingi 40,000, hata kabla ya kuhesabu siku za mapumziko zinazolipwa mara mbili. Kwa kima cha Kiminini ingekuwa kama shilingi 23,500. Hatusemi kuna mwajiri Kitale anayelipa hivyo. Tunasema tu hiyo ndiyo bei ya zile saa, na mshahara wa mwezi usiotaja saa za ziada unaificha.

Riyali haisogei, shilingi inasogea

Kuna jambo jingine ambalo tangazo la kazi halikwambii. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Wakati huo riyali 900 zilikuwa zaidi ya shilingi 38,000. Kufika mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa imeshuka hadi kama 129, na riyali 900 zile zile zikawa karibu 31,000. Dada hakupunguziwa mshahara hata riyali moja, ila nyumbani zilipungua shilingi 7,000 na zaidi.

Kama familia ilikuwa imechukua mkopo au kuanza ujenzi kwa hesabu ya 38,000, unaona shida inapotokea. Kwa hivyo ajenti akikutajia mshahara kwa shilingi, mwambie akupe kwa riyali na aonyeshe kwenye mkataba. Halafu piga bajeti ya nyumbani kwa kiwango cha chini kuliko cha leo. Shilingi ikidhoofika, utapata ya ziada. Ikiimarika, hutashtuka.

Kinachobaki mkononi

Mtu atatuambia, "Saa ni saa, lakini nyumbani hatuli saa." Sawa kabisa. Aliye Kitale na shilingi 14,867 analipa kodi, ananunua unga, anapanda matatu. Aliye Riyadh analala na kula kwa mwajiri, kwa hivyo anaweza kutuma sehemu kubwa ya mshahara.

Chukua mfano wa dada wawili wa boma moja. Wa Kitale, akikaza, anabaki na shilingi 4,000 kwa mwezi. Kwa miaka miwili ni shilingi 96,000. Wa Riyadh anatuma shilingi 20,000 kila mwezi. Kwa miaka miwili ni shilingi 480,000. Tofauti hiyo ndiyo inayowapandisha watu ndege.

Ila uliza: hizo 480,000 zimeingia kwa simu ya nani, na zimefanya nini? Kama zote zilienda kwa matumizi, dada atarudi baada ya miaka miwili akute kila mtu alikula vizuri na yeye hana kitu. Hakuna aliyemwibia. Ilikuwa tu hakuna mpango. Wakati huo huo yule wa Kitale, kama mwajiri wake anafuata sheria, amekuwa akikatwa NSSF na mwajiri anaongeza kiasi kile kile. Aliye Saudia hana hiyo, isipokuwa ajichangie mwenyewe kwa hiari.

Kwa hivyo kabla ya kusafiri, kaa na familia mkubaliane. Tenga pesa ya nyumbani na pesa yako. Kwa mfano, katika kila shilingi 20,000, elfu 12 ziende kwa mama, elfu 8 ziende kwenye akiba iliyo kwa jina lako, kwa namba yako, ambayo PIN yake unaijua wewe peke yako. Usimwachie mtu laini yako na PIN yake, hata kama ni ndugu yako wa toka nitoke. Mkisaidiana vizuri leo hakuna tatizo, lakini siku ya kutoelewana namba ya siri ndiyo itakayoamua pesa ni ya nani.

Kabla hujatuma pesa kwa ajenti yeyote

1. Hakikisha ajenti amesajiliwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye tovuti yake. Kama huna intaneti, mwombe mtu akusomee, au ulizia ofisi ya leba Kitale.

2. Kumbuka gharama za kukuajiri ni za mwajiri. Mtu akikwambia utume "ada ya visa" au "ya kushikilia nafasi", simama kwanza, umuulize imeandikwa wapi kwenye mkataba.

3. Usitume kwa namba ya mtu binafsi. Kampuni halali ina namba ya kulipia yenye jina lake. Kabla hujaweka PIN, soma jina linalotokea. Kama halifanani na lililo kwenye usajili, ghairi.

4. Usifute ujumbe wa malipo. Ukidhulumiwa, ujumbe ule na taarifa ya akaunti yako ndio ushahidi wa kwanza utakaoulizwa. Pesa uliyompa mtu mkononi haina alama.

5. Soma mkataba mpaka mwisho, na utafute mistari hii: mshahara kwa riyali, saa za kazi kwa siku, siku ya mapumziko, na nani anashika pasipoti. Kama saa hazijaandikwa, jua huwezi kupiga hesabu tuliyopiga hapa.

6. Acha nakala ya mkataba, ya pasipoti, na jina na simu ya ajenti kwa mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini.

Na kama itabidi ukope ili uende, hesabu deni hilo kwa miezi ya kazi. Ukikopa shilingi 60,000, hiyo ni kama miezi miwili nzima ya mshahara kabla riba haijaanza. Mwenye deni huvumilia mengi ambayo asiye na deni angekataa.

Ukishafika

Mshahara wako uingie kwenye akaunti au pochi ya simu yenye jina lako. Saudia imekuwa ikiwataka waajiri kulipa wafanyakazi wa nyumbani kwa njia ya kielektroniki kupitia mfumo wa Musaned. Ilianza na mikataba mipya Julai 2024, ikapanuliwa hatua kwa hatua, na tangu 1 Januari 2026 inawagusa waajiri wote. Mwajiri akisema "nitakuwekea, utachukua ukirudi", mkumbushe hilo kwa upole. Mshahara uliopita kwa mfumo unaacha alama. Uliowekwa kabatini hauna.

Andika saa zako. Kila usiku, mstari mmoja kwenye simu: nimeamka saa ngapi, nimemaliza saa ngapi, nimepumzika au la. Ukipata shida, maandishi ya kila siku yana uzito kuliko kumbukumbu.

Unapotuma nyumbani, angalia vitu viwili: ada ya kutuma na kiwango cha kubadilisha. Wengine hutangaza "bila ada" halafu wanachukua kwenye kiwango. Riyali 600 kwa shilingi 34.40 ni shilingi 20,640. Kwa shilingi 33.60 ni shilingi 20,160. Hapo umelipa shilingi 480 bila kuziona. Uliza swali moja tu: "Nikitoa riyali 600, nyumbani zinafika shilingi ngapi?" Linganisha jibu hilo kwa njia mbili tatu, kisha uchague.

Kwa nyinyi mlio nyumbani

Kiminini na Riyadh saa ni moja. Ikiwa kwenu ni saa sita usiku, kwake pia ni saa sita usiku. Hakuna kusema "labda kule bado mchana". Kama mwanao anakuandikia kila siku saa saba za usiku kwamba ndiyo amemaliza kazi, na saa kumi na moja alfajiri yuko tena macho, basi siku zake unazijua. Zihesabu. Usimuulize tu, "Umetuma?" Muulize pia, "Umelala saa ngapi? Jumapili yako ulipumzika siku gani?" Akisema hajapumzika mwezi mzima, kanuni za nchi ile zinamlinda, na mnaweza kuanza kwa ajenti aliyempeleka, kisha NEA, kisha ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh. Ile nakala ya mkataba mliyobaki nayo ndiyo mtakayoitumia.

Na kama umebaki hapa na umepata kazi Kitale au Bungoma, hesabu ni ile ile. Gawanya mshahara wako kwa saa unazofanya kweli. Ukikuta uko chini ya shilingi 66 kwa saa mjini, unalipwa chini ya kima kilichoanza Novemba 2024. Mwombe mwajiri akulipe kwa simu badala ya mkononi, ili kila mwisho wa mwezi ubaki na ujumbe unaosema nani alikulipa, lini, na ngapi.